Kuhama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza: je, shilingi milioni 4.5 zitatosha?

Swali: "Mtaalamu, pole na majukumu. Mume wangu amepata ajira katika kampuni binafsi jijini Mwanza na anatakiwa kuripoti kazini tarehe 1 Oktoba. Tumepanga nyumba ya vyumba vitatu Tabata, na kodi yetu inaisha mwishoni mwa Desemba. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo yuko chekechea. Mimi ni fundi cherehani. Tumeweka akiba ya shilingi milioni 4.5 kwa ajili ya kuhama. Dalali ametutafutia Fuso kwa shilingi milioni 2.2, na Mwanza tumeambiwa nyumba inayotufaa ni shilingi 250,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Tulitaka tuhame wote mwishoni mwa Septemba. Je, fedha hii itatosha? Tubebe vitu vyote au tuuze? Na lori tulilipe lote kabla halijaondoka?"

Jibu: Asante, dada yangu, kwa swali lenye takwimu, kwa sababu wengi huniuliza "kuhama Mwanza ni shilingi ngapi" bila kueleza wana watoto wangapi wala kodi yao inaisha lini. Nimesimamia uhamisho wa wafanyakazi na mizigo yao kwa miaka mingi, na nikuambie tangu mwanzo: kwa mpango ulioueleza, fedha hiyo haitoshi. Kwa mpango uliosogezwa mbele kidogo, itatosha kwa kubana. Tofauti ya mipango hiyo miwili iko zaidi katika tarehe kuliko katika bei ya lori.

Tuanze na hesabu yako kama ilivyo. Kodi ya miezi sita ni shilingi milioni 1.5. Dalali wa nyumba, kwa desturi yetu, hudai kodi ya mwezi mmoja, yaani shilingi 250,000. Ukiongeza Fuso la milioni 2.2 umefika milioni 3.95, na bado hujanunua boksi hata moja, hujalipa vijana wa kupakia na kushusha, hujakata tiketi nne, hujashona sare za shule mpya, wala hujala. Kinachobaki ni shilingi 550,000. Zaidi ya hapo, mkihama Septemba mtakuwa mmeiacha nyumba ya Tabata ikiwa na kodi ya miezi mitatu mliyokwisha kuilipa, na sijakutana na wenye nyumba wengi wanaorudisha kodi ya mpangaji aliyeondoka kwa hiari yake. Miezi hiyo mitatu haionekani kwenye bajeti yenu kwa sababu ililipwa zamani, lakini ni gharama ya kuhama kama gharama nyingine yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mume wako atangulie peke yake mwishoni mwa Septemba na begi lake, nawe na watoto mfuate katikati ya Desemba. Shule zitakuwa zimefungwa, na kodi ya Tabata itakuwa imetumika karibu yote. Mtoto wa darasa la sita ndiye anayenifanya nilisisitize jambo hili. Mwakani ataingia darasa la saba, darasa la mtihani wa taifa unaofanyika Septemba, na mtahiniwa husajiliwa katika shule anakosoma. Akihamia Mwanza Desemba, ataanza Januari pamoja na wenzake na kusajiliwa nao. Mkichelewa hadi Machi au Aprili, mtakuwa mnahamisha mtahiniwa, na hilo ni jambo jingine kabisa. Uhamisho wa mwanafunzi wa msingi hupitia kwa mwalimu mkuu na kumbukumbu zake ziko katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, hivyo mwone mwalimu mkuu mwezi Oktoba. Usingoje wiki ya kufunga shule, ambapo kila mzazi anayehama yuko kwenye foleni ofisini kwake.

Kuna faida nyingine ambayo wewe kama fundi unaijua kuliko mimi. Novemba na nusu ya kwanza ya Desemba ni wakati wa nguo za sikukuu. Ukihama Septemba utafika Mwanza bila mteja hata mmoja katika msimu ambao Tabata ungekuwa unakesha kwenye cherehani. Acha kupokea kazi mpya kufikia tarehe 5 Desemba hivi, maliza za watu, kisha fungasha. Kichwa cha cherehani kifunguliwe kutoka kwenye meza yake, kifungwe kwa blanketi na kisafiri na wewe, kwa sababu ukifika ndicho kitakachokuingizia fedha ya kwanza, na Januari ni mwezi wa sare.

Kabla mume wako hajasaini mkataba, naomba azungumze na mwajiri. Mtumishi wa umma anapohamishwa analindwa na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, zenye posho ya kujikimu, posho ya usumbufu na gharama za kusafirisha mizigo. Ajira mpya katika kampuni binafsi haiji na haki hizo moja kwa moja. Hupatikana kwa kuombwa, na wakati wa kuomba ni pale ambapo kampuni bado inamhitaji na yeye bado hajasaini. Aombe gharama za lori, au hata chumba cha kulala kwa mwezi wa kwanza. Wakikataa vyote, ahakikishe mkataba unaandika kwamba mahali alipoajiriwa ni Dar es Salaam. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri anayesitisha ajira ya mtu mbali na alikoajiriwa amrudishe yeye na mizigo yake, au alipie usafiri huo, au ampe posho ya usafiri. Mstari huo mmoja wa mkataba haugharimu kitu leo, ila siku ajira ikivunjika ndio utakaoamua kama mtarudi kwa fedha yenu au ya mwajiri.

Sasa lori. Bei aliyokupa dalali si ya kukurupuka, ila inabidi uielewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga ni takribani kilomita 1,150. Tuseme Fuso lenye mzigo linatumia lita moja ya dizeli kwa kilomita nne: hizo ni lita kama 290. Tuseme dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita (bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo weka bei ya mwezi mtakaosafiri): unapata kama shilingi 812,000 kwa kwenda tu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milioni 1.6. Ukiongeza posho ya dereva na utingo, pamoja na cha juu cha dalali, ndipo unafika milioni 2.2. Maana yake ni kwamba unalipia lori liende limejaa vyombo vyako na lirudi tupu.

Lakini ni malori machache sana ya Mwanza yanayorudi tupu. Yapo yanayokuja Dar es Salaam na mchele wa Shinyanga na Kahama, au dagaa wa ziwani, na mwenye lori wa namna hiyo anatafuta mzigo wa kurudi nao nyumbani. Huyo ndiye wa kumtafuta, kwa kuwa safari ya kurudi angeifanya kwa vyovyote vile. Nenda kwenye maegesho ya malori au kwenye maghala yanakoshushwa mazao, uzungumze na dereva mwenyewe, na umuulize swali moja: "Kwenu ni wapi?" Akikujibu Mwanza, bei inaanza kuzungumzika. Kwa Kenta, yaani lori dogo linalotumia lita moja kwa kilomita tano hivi, dizeli ya kwenda ni kama shilingi 644,000, na mkikubaliana kati ya milioni 1.1 na 1.3 kila upande utakuwa umepata haki yake. Reli ya zamani ya kati inafika Mwanza tangu mwaka 1928, lakini behewa zima ni kubwa mno kwa familia moja, na bado utahitaji gari la kutoa mzigo stesheni. Iache.

Swali la kubeba au kuuza linajibiwa na nafasi. Lori halijali kwamba sofa uliinunua kwa jasho. Linajali inachukua futi ngapi. Chukua futi kamba, pima bodi ya gari mtakalokodi, kisha pima vitu vikubwa vya nyumbani. Seti ya sofa ya watu sita pamoja na meza yake inaweza kula theluthi moja ya Kenta. Kama Kenta ni milioni 1.2, basi sofa hizo zimekatiwa tiketi ya shilingi 400,000. Ukiweza kuziuza Tabata kwa 350,000, una shilingi 750,000 za kuanzia kwa fundi seremala wa Mwanza. Vitanda vya mninga vinavyofunguliwa kwa bolti beba, kwa sababu vikifunguliwa vinalala pembeni kama mbao na havili nafasi. Kabati la mbao za kusaga liuze bila huruma: likishafunguliwa na kufungwa mara moja, skrubu hazishiki tena. Magodoro, friji, vyombo, vitabu na nguo beba. Mtungi wa gesi usiupakie, hata ukiwa umekwisha, kwani mabaki ya gesi yamo ndani. Uuze au umwachie ndugu.

Uanze kuuza wiki sita kabla. Jirani akijua unaondoka Jumamosi na leo ni Alhamisi, atakuja kukupa pole, na bei atakayotaja utadhani naye anafiwa pamoja nawe. Umeshaona mwenyewe jinsi majokofu mazima yanavyotoka kwa bei ya kutupa usiku wa kuamkia safari.

Friji lina masharti yake. Lizimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, likaushwe ndani, mlango ufungwe kwa kamba, na lisafiri limesimama, kwa sababu likilazwa mafuta ya kompresa hukimbilia kwenye mabomba. Ikitokea limelazwa njiani, lisimamishe Mwanza kwa muda wa siku nzima kabla ya kuliwasha. Vijana wa kupakia hupenda kulilaza kwa kuwa linawapa nafasi juu; uwepo mwenyewe wakati wanapakia.

Hapa nikueleze kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia uhamisho wa familia moja kwenye njia hii hii, na tukakodi lori kupitia mtu wa kati bila kukutana na mwenye gari. Tulilipa fedha yote asubuhi ya kupakia. Lori lilipofika Nzega lilisimama siku mbili likisubiri mzigo mwingine wa kuongeza, turubai likafunguliwa ili mzigo huo uingie, na mvua ikanyesha kabla halijafungwa tena. Magodoro yalifika Mwanza mazito kama magunia ya mchanga. Nilipompigia yule mtu wa kati, aliniambia yeye kazi yake iliisha Dar es Salaam, na kwa kweli mkononi sikuwa na karatasi hata moja ya kumkosoa.

Tangu siku hiyo silipi lori lote kabla, na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Gawanya malipo mara tatu. Kiasi kidogo cha kushikia tarehe. Fedha ya dizeli, isiyozidi nusu ya bei, lori likishapakiwa na kufungwa turubai mbele ya macho yako. Na kilichobaki kikabidhiwe Mwanza, mzigo wa mwisho ukishashuka. Dereva mzuri hakatai mpango huu, ila atataka uhakika kwamba Mwanza kuna mtu mwenye fedha, na mume wako atakuwepo kumthibitishia. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: namba ya gari, jina na leseni ya dereva, bei, siku ya kufika, mahali pa kushushia, na kwamba hapakiwi mtu wala mzigo mwingine bila ninyi kukubali. Kama mmekubaliana kuchangia lori na mzigo mwingine ili bei ishuke, iandikwe hivyo, na mzigo huo upakiwe Dar es Salaam mkiwapo. Andikeni pia idadi ya vifurushi. Kila boksi na kiroba kipewe namba kwa kalamu ya wino mzito, nawe ubaki na daftari linaloonyesha namba 14 ni vyombo vya jikoni na namba 15 ni madaftari ya watoto.

Kuna karatasi nyingine mbili. Ya kwanza ni barua ya serikali ya mtaa wenu wa Tabata inayoeleza kwamba unahamisha vyombo vyako vya nyumbani, ikiambatana na orodha ya vitu vikubwa. Polisi wakisimamisha lori lenye televisheni na vitanda, barua hiyo inamwokoa dereva na maswali mengi, na ukifika Mwanza itakufaa pia kujitambulisha kwa mtendaji wa mtaa mpya. Ya pili ni bima. Bima ya gari lenyewe, ambayo unaweza kuihakiki kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kawaida ni ya kulinda watu wengine barabarani, na mzigo wako haumo. Bima ya mzigo safarini hununuliwa peke yake. Kama vitu vyenu vya thamani ni friji na televisheni tu, mnaweza kuamua kubeba hatari hiyo wenyewe, mradi mmeamua mkijua. Gari lenyewe litapita mizani kadhaa njiani, kuanzia Vigwaza na Mikese, kwa hiyo usikubali dereva azidishe uzito kwa mzigo wa pembeni, maana mkikwama mizani mtakwama wote.

Kwenye nyumba ya Mwanza ndipo ninapotaka mume wako atumie miezi yake miwili vizuri. Akae kwanza kwenye chumba cha bei nafuu au kwa ndugu, na asitume fedha kwa nyumba aliyoiona kwenye picha za simu. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na hili watu wa Dar es Salaam hatulizoei. Nakumbuka jioni moja, saa kumi na mbili, tukiwa na lori chini ya kilima upande wa Bugarika, nyumba inaonekana juu yetu kama vile unaweza kuigusa, na hakuna barabara ya gari kwenda huko. Wapagazi walikuwa tayari wamesimama wakitazama mzigo. Kabati walitaja bei yake, friji bei yake, na kadiri giza lilivyoingia ndivyo bei ilivyopanda, nasi hatukuwa na pa kwenda. Kwa hiyo mume wako asiishie kuuliza vyumba ni vingapi. Asimame mlangoni aulize: "Fuso linafika hapa?" Maeneo yenye viwanja vilivyopimwa, kama Kiseke na Buswelu, yana nafuu katika hilo, ingawa ni mbali na katikati ya jiji, na nauli za kila siku nazo ziingizwe kwenye hesabu.

Awaulize wapangaji wengine, si mwenye nyumba, maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama yanapanda hadi juu. Kisha anunue umeme wa LUKU kidogo kwa mita ya nyumba hiyo, mwenye nyumba akiwepo. Kama kuna deni la mpangaji aliyetangulia, litaonekana papo hapo kwa jinsi fedha inavyokatwa, na litamalizwa kabla ya kusaini badala ya baada. Mkataba wa nyumba uanze tarehe 15 Desemba, si Oktoba. Mkianza Oktoba mtakuwa mnalipa kodi mbili kwa miezi miwili na nusu ili mtu mmoja alale kwenye vyumba vitatu.

Tuipange upya bajeti sasa. Kodi na dalali wa nyumba, milioni 1.75. Kenta la kurudi Mwanza, milioni 1.2. Maboksi, kamba, wapakiaji wa Tabata na washushaji wa Mwanza, 250,000. Nauli zenu nyote na chakula cha njiani, 300,000. Matumizi ya mume wako Oktoba, 600,000. Nimeyaweka makubwa makusudi, kwa sababu mfanyakazi mpya ambaye nyaraka zake zimechelewa kuingia kwenye orodha ya mishahara huweza kulipwa Oktoba yake pamoja na Novemba. Sare, michango na mahitaji ya shule mpya, 300,000. Jumla ni milioni 4.4. Juu yake ninaweka asilimia 10 ya dharura, yaani 440,000, na hapo tunafika milioni 4.84. Mna upungufu wa shilingi 340,000, na huo ndio kazi ya sofa na kabati. Kwa Fuso la milioni 2.2, hesabu hiyo hiyo ingekuwa milioni 5.94, na hakuna sofa ya kuziba pengo hilo. Fedha ya dharura ikae kwenye akaunti ya simu iliyo tofauti na ile mnayolipia mambo ya safari, kwa sababu fedha iliyochanganywa huisha kwa vitu vidogo vidogo kabla dharura haijaja.

Tiketi za basi zikatwe mapema Novemba, kwa kuwa katikati ya Desemba nusu ya Dar es Salaam inarudi kwao kula sikukuu. Mabasi huondokea Stendi ya Magufuli, Mbezi, na tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Kwa mtoto wa chekechea ningependelea mpande treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, hadi Dodoma, ambayo ni safari ya saa nne hivi, mpumzike, kisha mchukue basi la kuendelea, kwani treni hiyo bado haijafika Mwanza. Ninyi muondoke siku moja baada ya lori, si kabla yake. Lori huchukua siku mbili hadi tatu, mume wako atalipokea, na dereva ampigie akiwa Dodoma, Singida na Shinyanga. Akinyamaza baada ya Singida, mume wako asisubiri kesho yake. Ampigie yeye, amuulize yuko wapi, na amkumbushe kwa upole kwamba fedha iliyobaki iko Mwanza.